Shamba la Mti Mmoja

Kosa lilikuwa la Emmy, na yeye mwenyewe hakulikana hata siku moja. Kidole chake ndicho kilichoandika moja.

Fomu ya mradi wa kupanda miti, ya kujazwa kwenye simu, iliuliza maswali tisa. Jina la mwenye shamba: Emmy akaandika Abbo. Mahali: Molo, wilaya ya Tororo. Aina ya miti: mvule. Tarehe ya kupanda nayo akaiandika. Alipofika swali la saba, miche iliyo hai ni mingapi, akainua uso kumuuliza mama mkwe wake aliyekuwa akipepeta ulezi, na Abbo akajibu bila kusimamisha ungo.

"Andika iko."

Emmy akaandika "iko". Simu ikakataa. Akaandika "mingi". Ikakataa tena, safari hii na mstari mwekundu, kana kwamba ametukana. Kisanduku kile kilitaka tarakimu tu, na bila tarakimu huvuki kwenda swali la nane. Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa kutuma fomu, chaji imebaki kidogo, mama mkwe keshaurudia ungo wake. Basi Emmy akafanya ambalo mtu yeyote aliyeolewa katika nyumba ile, ambako kuhesabu kinachokua ni mwiko, angelifanya: akatafuta tarakimu isiyokuwa hesabu. Sufuri ingekuwa uongo wa kujiitia balaa. Mbili tayari ni kuhesabu. Moja, aliona, si kuhesabu. Ni kusema tu kwamba kitu kipo. Akaandika 1, simu ikaridhika, ikavuka.

Sasa, mashine ya ofisini haikuzaliwa Molo. Iliposoma moja, ilielewa moja. Desemba droni ya mradi ikaja kuruka juu ya mashamba yote, na kwa Abbo ikakuta lantana, kichaka kizito cha miiba kisicho na mlango. Picha na fomu zikakubaliana. Mwishoni mwa Januari ujumbe ukaingia katika simu ya Emmy akiwa dukani: shamba la Abbo lina mche hai mmoja, sehemu iliyobaki ni kichaka, limefutwa katika mradi. Akausoma mara tatu pale pale kaunta, akarudi nyumbani bila chumvi aliyoijia.

Kufutwa peke yake kungevumilika. Lakini shamba lile, ekari tatu, lilikuwa la ukoo. Mume wa Abbo alipofariki, wazee walikaa wakampa mjane miaka miwili: aoteshe msitu kama alivyosema anaweza, na mradi ukiutambua, ardhi itabaki mikononi mwake maisha yake yote. Asipoweza, itakwenda kwa Ochwo, mdogo wa marehemu, ailime. Miaka miwili ilikuwa inaisha mwezi wa pili uliokuwa ukianza, na Ochwo alikuwa keshaongea na watu wa miwa.

Emmy alimpigia mumewe Phillip, utingo wa malori kule Malaba mpakani, mtu wa kuonekana nyumbani Jumapili kwa Jumapili. Phillip alisema ataongea na baba mdogo. Emmy alikuwa ameishi naye miaka minne, na alijua vizuri uzito wa "nitaongea" ya Phillip. Akakata simu, akaketi kwenye kigogo nje ya jiko, tumbo lake la miezi sita mapajani, akajiona mjinga kuliko wajinga wote wa mpakani.

Habari mbaya ina miguu. Siku ya pili alipopeleka mahindi kinuni, mwenye mashine akachungulia ndani ya beseni akamuuliza mbona amejisumbua kubeba yote hayo, si angeleta punje moja. Wanawake kwenye foleni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kufikia Jumatano alikuwa na jina jipya, Mama Mti Mmoja, na watu wazima kabisa walimsalimia hivyo njiani bila aibu. Jirani yao Egau ndiye aliyecheka zaidi. Egau alikuwa amefyeka shamba lake likabaki jeupe, akapanda mivule kwa kamba, mstari kwa mstari, na picha yake ya angani ilikuwa safi kama daftari la mwanafunzi. Ofisi ilikuwa imeibandika ukutani.

Ochwo alikuja mwenyewe Alhamisi. Hakuja kwa shari. Alivua kofia, akakubali kiti, akanywa maji aliyopewa. Ana binti anayesomea uuguzi, na ada ya kila muhula humkuta hajajiandaa. Mtu wa namna hiyo akiona ekari tatu za lantana haoni ndege wala kivuli, na huwezi kumlaumu.

"Shemeji," akasema, "uliomba miaka miwili, ukapewa. Wenye mradi wenyewe wanasema una mti mmoja. Trekta linakuja Jumatatu, si hii bali ile inayofuata."

"Wewe umeingia ukaona?" Abbo akauliza.

"Niingie wapi? Si kichaka?"

Abbo hakubishana naye. Alimsindikiza hadi kwenye njia kama ilivyo adabu, akarudi, na ndipo Emmy alipopiga magoti na kueleza yote, kisanduku, mstari mwekundu, chaji na ile moja. Alitegemea kufokewa. Abbo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ainuke, mtu mwenye mimba hapigi magoti kwa ajili ya simu.

"Mama, niruhusu niingie nihesabu," Emmy akasema. "Nusu siku tu. Nitawatumia idadi ya kweli, yaishe."

Mama mkwe wake akaanza kuchagua mawe kwenye ulezi. Kisha akamwambia jambo ambalo Emmy alikuwa amelisikia vipande vipande kwa wengine, lakini halijatoka kinywani mwa mwenyewe.

"Nilikuwa na watoto sita. Akaja mtu na daftari, akaniuliza wangapi. Mama yangu alikuwa amenikanya, kitu kinachokua hakitajwi idadi. Lakini nilikuwa kijana bado, nina majivuno. Nikasema sita, nikamwonyesha na vidole. Kabla ya mavuno surua ikachukua wawili kwa wiki moja. Ochwo ndiye alichimba, makaburi yote mawili, peke yake, kaka yake alishindwa kushika jembe."

Unaweza kusema surua haijui hesabu, na Emmy, aliyesoma sekondari mpaka mwaka wa nne, angeweza kusema hivyo. Ungekuwa ukweli usio na adabu mbele ya mama aliyezika. Roho ikamuuma kwa ajili ya yule mama kijana mwenye majivuno aliyeinua vidole vyake kwa furaha.

Hata hivyo asubuhi ya Ijumaa, Abbo alipokwenda kanisani kufagia, Emmy alijaza mfuko wa gauni lake punje za mahindi akaingia kichakani kwa siri. Mpango wake ulikuwa rahisi: kila mche atakaouona, anahamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kimya kimya, bila kutaja kitu. Halafu mtu mwingine, mbali na pale, ndiye atakayehesabu punje.

Alitambaa chini ya matawi kwa njia za mama mkwe wake, na mivule ilikuwapo, mmoja hapa, miwili pale, mingine imempita kimo, kila mmoja umefunikwa na lantana kama mtoto aliyevikwa shali mgongoni. Alihamisha punje, akahamisha, na ghafla mtoto akacheza tumboni, teke moja kali chini ya mbavu. Akautoa mkono mfukoni. Akajua kwamba hata ofisi ikimkubalia, hata ardhi ikipona, hatalala tena usingizi mzuri mpaka ajifungue, na labda hata baada ya hapo. Akamwaga punje zote pale pale kwenye majani makavu, za kulia na za kushoto, akatoka. Kuku wa Egau walizila siku hiyohiyo.

Ndipo alipomtumia Mujib ujumbe wa sauti.

Mujib alikuwa mrusha droni wa mradi, kijana wa mjini Busia, mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa malori aitwaye Hajarah. Alifika Jumamosi kwa pikipiki, kijisanduku cheusi cha droni kimefungwa nyuma kwa mipira, akasalimu kwa heshima, akasema mapema kwamba asitegemewe sana. Sheria ni picha na idadi ya mwenye shamba, viwili vikubaliane. Picha anayo, na ameitazama tena jana usiku. Kichaka.

"Hiyo kitu yako inaona kutoka juu," Abbo akamwambia. "Leo wewe ona kutoka chini."

Wakaingia, Abbo mbele, Mujib nyuma akikwaruzwa shati lake jeupe, Emmy mwisho. Hatua ishirini tu, na Mujib akasimama. Akapiga magoti. Akashika shina la mvule lenye unene wa mpini wa jembe, akafuata majani kwa macho hadi juu, akageuka akaona mwingine, na nyuma yake mwingine. Emmy aliona midomo yake ikianza kucheza, akamgusa bega. "Usihesabu," akamnong'oneza. Mujib akaomba radhi bila kujua kosa lake.

Abbo akawatoa nje, akawapeleka mpakani mwa shamba la Egau, akavunja ncha ya mche mmoja kwenye mstari ule mzuri wa daftari. Ncha ilikuwa imejaa vinundu vya kijani, imevimba kama kidole chenye funza. Akavipasua kwa ukucha, maji meupe yakatoka, na ndani yake vidudu vidogo kama chawa. Akasema mvule mchanga ukiachwa uchi juani, mdudu huyu anauona kutoka mbali na kuutagia, ncha inaoza, mche unajaribu tena, anarudi tena, mpaka unakata tamaa. Lakini ukiufichia kwenye kichaka, ukaota kwa kujiiba, mdudu anapita tu. Nyanya yake hakuwahi kupanda mvule mahali peupe. Alikuwa akifyeka tundu ndani ya kichaka, upana wa beseni, anapanda humo, na anarudi kila mvua kupunguza matawi kidogo tu ya juu, ili mche uone mwanga bila kuonekana.

"Na mbegu, mama? Za mradi zilikataa kuota," Mujib akauliza. Sasa alikuwa amekaa chini kabisa, suruali haimshughulishi tena.

Abbo akacheka kidogo. Akaeleza kwamba mivule ina dume na jike, na watu wengi wamechoka kutafuta mbegu chini ya dume. Jike lao liko kule kijitoni. Tunda likiiva popo wanakuja, wanakula, wanatema na kunya, na asubuhi unakwenda na kitambaa kuokota kile walichoacha, kwa sababu popo hagusi tunda baya. Miche yote mle ndani ilikuwa ya kuchaguliwa na popo. Yeye ni mpandaji tu.

Mujib alikuwa amesomea kazi hiyo miaka miwili Kampala, ana cheti chenye muhuri, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia neno hata moja katika yale. Alisema hivyo wazi, tena kwa kichwa kilichoinama, na Emmy akampenda kwa hilo, maana si wasomi wengi wa mjini wangekubali kukaa kwenye vumbi na kusema sijui. Kisha akashika tama. Yote hayo ni kweli, akasema, lakini ofisi haitatambaa chini ya lantana. Ofisi inaangalia picha, na picha ni ya juu.

"Hiyo kitu yako inajua rangi?" Abbo akauliza.

"Rangi ndiyo kazi yake, mama. Inaona hata tofauti ambayo jicho halioni."

"Basi mara ya kwanza ulikuja wakati mbaya. Desemba yote ni kijani, itajua nini? Ngoja kidogo. Kichaka hiki jua linakimaliza, kinakauka mpaka kinakuwa kama jivu. Mvule hausubiri mvua. Unaweka majani mapya wakati hata wingu hakuna. Siku hiyo ndiyo urushe. Juu utaona kavu yote, na kijani ni mvule peke yake."

Mujib akatoa simu aandike tarehe. Akauliza siku hiyo ni baada ya siku ngapi. Emmy na mama mkwe wake wakatazamana, wakacheka wote wawili, cheko la kwanza katika nyumba ile tangu Januari, na Mujib akacheka pia ingawa hakujua anachekea nini. Abbo akamwambia siku hiyo mvule wenyewe ndio unaijua.

Waliyoyapanga yalikuwa haya. Mujib ataiomba ofisi ikubali hesabu ya mashine badala ya hesabu ya mdomo. Kompyuta itasoma rangi, itatoa idadi, na idadi itakwenda ofisini moja kwa moja bila mtu wa nyumba ile kuitaja. Abbo aliliwaza jambo hilo siku nzima. Jioni akasema mashine haina wivu, haina kinywa, wala haijui majivuno. Ihesabu ikitaka, mradi isimwambie. Ofisi ilijibu Jumanne: sawa, kwa mara hii tu, picha mpya ifike kabla ya ripoti ya mwezi.

Alibaki Ochwo. Emmy ndiye aliyekwenda, maana aliona deni la maneno lilikuwa lake. Alimkuta amekaa na dereva wa trekta wakionyeshana kwa mikono upana wa matuta. Akasema mbele ya mgeni, aibu yote aliyokuwa nayo ikiwa shingoni, kwamba kosa ni lake yeye na si la mama, kwamba moja ile haikuwa idadi, na kwamba anaomba wasubiri mpaka mvule utoe majani. Dereva akauliza kama hii ndiyo ile habari ya mti mmoja. Ochwo hakucheka. Akamtazama Emmy, akalitazama tumbo lake, akasema atampa siku tano juu ya ile Jumatatu. Jumamosi saa nne trekta linaingia, mivule iwe na majani au isiwe nayo.

Kusubiri mti ni kazi ngumu kuliko kulima. Jua lilipiga wiki hiyo na nyingine, lantana ikapukutisha majani, nyasi zikawa za kahawia, na kila asubuhi Abbo alikwenda akarudi bila kusema kitu. Jumatatu ya trekta ikapita. Jumanne hakuna. Jumatano hakuna. Kina mama wa kinuni walianza kumhurumia Emmy, na huruma yao ilimuumiza kuliko mzaha. Alhamisi Emmy aliona ncha za mivule zimechongoka, nyekundu kidogo, zimefunga kama ngumi ya mtoto. Ijumaa vilevile. Alimwambia Mujib aje tu, liwalo na liwe. Ijumaa alasiri trekta likapita barabarani likaegeshwa mbele ya duka, na Phillip akapiga simu kusema ameongea na baba mdogo, na baba mdogo amesema Jumamosi ni Jumamosi.

Jumamosi Abbo alitoka alfajiri. Emmy aliwasha moto, akachemsha chai, chai ikapoa. Mama mkwe wake aliporudi, khanga yake ilikuwa imenasa miiba na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Mwambie arushe," akasema.

Kufikia saa nne walikuwa wote ukingoni mwa shamba: Abbo, Emmy, Mujib aliyechutama juu ya kijisanduku chake, Ochwo na kofia yake, na dereva ambaye alikuwa ameliacha trekta likinguruma barabarani. Egau alikuja pia akasimama kwa mbali, akijifanya anatafuta mbuzi. Droni ikapanda kwa mlio wa nyuki, ikawa ndogo, ikaanza kwenda na kurudi juu ya ekari tatu, na wote wakainamia kioo cha simu ambacho Mujib alikuwa amekikinga jua kwa koti lake.

Mwanzo ilikuwa jivu tu. Kavu, kavu, njia ya mbuzi, kavu. Ochwo akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema nilisema. Kisha doa la kijani likaingia kwenye kioo, kijani kibichi cha kung'aa kama kilichooshwa, halafu doa jingine, halafu yakaja kwa pamoja, bila mstari, bila kamba, yametapakaa hadi kijitoni, popote ambapo mama mmoja alikuwa ametambaa na kitambaa cha mbegu miaka miwili bila mtu kumwona.

Emmy alilia waziwazi. Mujib alikuwa akisema mashallah chini chini, tena na tena. Dereva wa trekta aliondoka bila kuaga kwenda kuzima injini.

Ochwo akasogea mpaka kidole chake kikagusa kioo. "Moja," akasema, kama mtu anayeota. "Mbili. Tatu. Nne. Tano." Kidole kikasimama juu ya doa lililofuata. Kinywa chake kilibaki wazi, na Emmy akamwona akigeuka kumtazama Abbo, akiwa ameuma midomo sasa, na macho yake hayakuwa ya mtu wa miwa hata kidogo. Yalikuwa ya yule aliyeshika jembe siku zile peke yake.

Droni ikatua. Mujib akabonyeza, mashine ikafikiri kidogo, na pembeni mwa kioo idadi ikatokea. Akaifunika kwa kidole gumba, lakini yeye alikuwa keshaiona, na furaha ikamzidi nguvu. "Mama, hamtaamini, ni…"

"Usiitaje," Ochwo akasema kwa ukali. "Itume huko kwenu. Hapa usiitaje."

Mujib akaituma. Ochwo akavaa kofia yake, akaivua tena, akasimama mbele ya lantana kavu ambayo kwa miaka miwili hakuwahi kuitia mguu. Akamwita Emmy, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nataka kuingia," akasema. "Tangulia, unionyeshe pa kukanyaga."